Kumsindikiza Mama Kiprono

Jumanne, 4 Juni 1996
Nimechuma majani chai tangu asubuhi. Mgongo unauma. Jioni Mama Kiprono alipita, akanywa vikombe viwili, akaniombea, nikamsindikiza hadi kijitoni kama kawaida. Nyumbani huwa tunaongea mvua na ng'ombe. Ya moyoni tunayaweka hadi njiani. Mgeni asiyesindikizwa ni kama amefukuzwa.

Leo nilimwambia ya Chebet. Kwamba binti yangu hakwenda Chepseon kwa dada yangu kutibiwa malaria, nimemficha huko. Ana mimba ya miezi mitano. Mwakani nataka arudi kidato cha tatu, shule ya mbali, bila mtu kumnyooshea kidole. Zaidi yetu wa nyumbani na dada, Mama Kiprono pekee ndiye anayejua. Alinishika mkono hadi tukafika majini. Nimerudi mwepesi.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho kina mama wa kanisa wanachagua kiongozi mpya. Aliyepo anahamia Kabianga. Majina ni mawili, langu na la Mama Kiprono. Tulicheka sana. Tumeahidiana atakayeshinda amchukue mwenzake awe katibu.

Naitaka hiyo kazi, sitajidanganya. Kwanza nitawafundisha hawa watu namna ya kutoka mkutanoni kwa adabu. Kuna mmoja huinuka kabla ya sala ya kufunga utafikiri ameacha maziwa jikoni.

Ijumaa, 7 Juni
Ameshinda yeye.

Sheria ni yangu mwenyewe, niliileta miaka mitatu iliyopita: anayejadiliwa hutoka nje. Tukatoka wote wawili, tukasimama karibu na tangi la maji. Manyunyu. Mama Kiprono akasema amesahau shali yake ndani, anaichukua mara moja. Nikangoja. Ningeweza kusogea dirishani nisikie. Sikusogea. Adabu.

Waliponiita nilikuwa nimelowa. Yeye amekaa mbele, shali mabegani. Hakuna aliyenitazama usoni. Nilikaa mpaka sala ya mwisho, nikawapa wote mkono, na yeye pia. Kuna kitu hapo sikielewi. Kushindwa tu hakufanyi watu waangalie sakafu.

Jumapili, 9 Juni
Nimeelewa.

Mama Achieng', mke wa karani wa kiwandani, alinifuata baada ya ibada. Alisema, "Dada, mimi siwezi kukuficha. Alisema huwezi ongoza wamama na msichana yako ako na mimba. Eti umemficha huko Chepseon." Kisha akalia yeye, mimi nikabaki kavu.

Kwa hiyo shali ilikuwa kisingizio. Mimi nimesimama kwenye mvua nikilinda adabu, yeye ndani anamvua mtoto wangu nguo mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisema hiyo methali bila kuijua.

Namchukia. Nimeliandika ili nisijifanye simchukii.

Jumatatu, 10 Juni
Sikuchuma. Nililia katikati ya michai, mahali ambapo sionekani.

Jumatano, 12 Juni
Chebet amerudi. Maneno yamefika hadi soko la Chepseon. Amekuja saa sita mchana na begi kichwani, barabara kubwa, tumbo mbele. Nilimfokea. Akaniuliza, kama wameshajua, ajifiche kwa ajili ya nani? Nilimwomba msamaha kwa kufungua mdomo. Alisema nimpe muda.

Jumamosi, 15 Juni
Mama Kiprono amekuja. Saa tisa, na parachichi kwenye kikapu. Nilimkaribisha. Nilimpa chai, nikampa na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, kwa sababu mimi si mtu wa kunyima mgeni. Aliongea mvua. Aliongea ng'ombe. Nilingoja. Hakuna.

Akaniombea, akasimama, akanitazama. Nilijua anachotaka. Anataka njia. Anataka tufike kijitoni anishike mkono aniambie alivyolazimishwa. Miguu yangu ilikataa kabisa.

Chebet akatoka jikoni. Alivua lile sweta langu kubwa nililompa afunike tumbo, akalitundika. "Mama, wewe kaa. Nitamsindikiza mimi."

Mama Kiprono alisema hakuna haja. Lakini mgeni hakatai kusindikizwa, na hilo analijua vizuri.

Ilikuwa saa kumi, majani yanapimwa, foleni ya kina mama imejaa kituoni, pale njiani. Nilitazama kutoka langoni. Chebet alisimama kwa kila mmoja, akampa mkono, akauliza habari ya nyumbani, taratibu, vile nilivyomfundisha. Kila mara Mama Kiprono alilazimika kusimama kando yake na kungoja. Mmoja wa wale kina mama alitua kikapu chake chini akamkumbatia mtoto wangu. Kisha wakateremka wawili hao kuelekea majini.

Nikarudi ndani nikaosha kikombe cha mgeni.

Chebet alirudi peke yake, akavua gambuti mlangoni. Sikumuuliza waliongea nini. Aliuliza kama chai imebaki. Ilikuwa imebaki kidogo. Nikampashia moto.