Njoo Unisemee

Dada Rael mpendwa,

Nakusihi, haya yabaki kifuani mwako. Ndiyo maana kadi hii nimeitia ndani ya bahasha. Mama asisikie. Tangu kaka yetu aende vitani ng'ambo asirudi, akisikia habari za meli hulala bila kula.

Kuna serikali ya mbali iliyotenga fedha za kuwasomesha kwao ng'ambo makarani wa nchi changa kama yetu. Jana mgeni wao alifika hapa Nakuru kutuchagua. Upepo ulikuwa ukitutilia vumbi la ziwani hadi ndani ya chai. Mgeni akaniuliza, "Wewe unawashinda wenzako kwa lipi?"

Dada, kwetu nani hujisifu mbele ya mkubwa? Nikajibu, "Bwana, hilo waulize watu wangu."

Mzee Elisha, karani wetu mkuu, akaninong'oneza, "Jisifu, wewe! Hapa si kuposa, hakuna mshenga!"

Mgeni akasikia, akataka aelezwe mshenga ni nani. Alipoelewa hakucheka. Akasema, "Basi mlete mshenga wako Ijumaa. Nitamsikiliza kabla sijaamua."

Baba hayupo, na aliyenilea ni wewe. Njoo unisemee kama unavyonijua, bila kutia chumvi. Meli naiogopa kama mama, lakini masomo hayo nayataka sana.

Panda treni ya asubuhi hapo Rongai. Ukishuka Nakuru usiulize mtu njia. Nitakuwa mlangoni mwa stesheni, nimevaa ile sweta uliyonifumia.

Mdogo wako,
Yohana