Msalaba wenye Jina la Fridolin

Kisawasawa, 9 Julai 1993

Kwa shemeji Fridolin, Lupiro.

Shikamoo shemeji. Nakuuliza hali yako, ya Klementina na ya watoto, ila yangu usiulize. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Mdogo wako, mume wangu Gasper, hatunaye tena. Jumanne asubuhi trela la kampuni linalobeba wakata miwa lilipinduka kwenye mfereji, likamlalia. Hakufika hospitali.

Mfukoni alikuwa na kadi yako ya kazi, ile uliyomwachia akushikie nafasi mpaka umalize kuvuna mpunga. Kadi haina picha, basi wameandika amekufa Fridolin. Jeneza wameleta wao, msalaba wameleta wao, na jina lililopakwa rangi pale ni lako. Majirani wanajua tumemzika nani, lakini wamenionea huruma wakanyamaza, na mimi nikanyamaza. Karani alisema mtu akiumia njiani kwenda kazini ndani ya chombo cha kampuni, inahesabiwa yuko kazini, kwa hiyo fidia ipo. Angekwenda kwa baiskeli yake kama siku zote, wasingetoa kitu. Asubuhi ile mnyororo ulikatika, shemeji. Baiskeli iko ukutani hapa, kila nikiitazama nalia.

Sasa nisikilize. Usije matangani. Ukionekana mzima watajua aliyekufa hakuwa mtu wao, na mimi na mwanangu Agnella tutabaki mikono mitupu. Barua hii anakuletea Nazari muuza samaki. Anajua yote na mdomo wake haupwayi.

Mimi shemeji yako,
Kandida


Lupiro, 14 Julai 1993

Kwa shemeji yangu Kandida.

Pole shemeji, pole sana. Sijui hata nianzeje kukujulia hali. Tangu Nazari aniletee barua chakula hakipiti. Kadi ni yangu, trela lilikuwa langu, kifo kilikuwa changu, kakibeba mdogo wangu. Na kumzika nimekatazwa! Najifungia ndani nalia, maana hata watu wa hapa sijui niwaambie nini.

Kwenye daftari la kampuni aliyeandikwa mke ni Klementina. Kwa hiyo nitamtuma yeye aje akae kama mjane, aweke dole gumba. Watakachompa atakukabidhi wewe mkononi, chote, hata shilingi moja haitavuka mto kuja huku Lupiro. Naapa kwa kaburi la mama yetu. Kazi ya kampuni nimeiaga, nitalima. Mbusu Agnella, mwambie baba yake mkubwa anampenda.

Ni mimi shemeji yako,
Fridolin


Kisawasawa, 20 Septemba 1993

Kwa shemeji Fridolin.

Shikamoo. Natumaini mu wazima, sisi tunasukuma siku. Klementina alifika salama. Alivaa kaniki, akalala kwangu siku tatu, tukalia pamoja, na kilio chake kilikuwa cha kweli, sitamsingizia.

Ofisini Ifakara afisa kazi alimpa kiti. Mimi nilisimama mlangoni na Agnella. Akaniuliza, "Na wewe mama, ni nani?" Nikasema, "Shemeji wa marehemu." Shemeji! Nimelala na Gasper miaka tisa, nimemzalia, halafu naapa mbele ya serikali kwamba ni shemeji yangu. Klementina akaweka dole, mimi nikaweka langu kama shahidi. Wametuambia tusubiri Novemba.

Agnella anajua kusoma sasa. Juzi kaburini aliuliza mbona msalaba wa baba una jina la baba mkubwa. Nikamwambia ni makosa ya fundi, tutarekebisha fedha zikitoka.

Wako,
Kandida


Lupiro, 12 Desemba 1993

Kwa shemeji Kandida.

Habari za huko? Huku mvua zimeanza na Klementina anaumwa homa. Kuhusu lile jambo, bado. Unawajua wenyewe watu wa ofisi, leo njoo, kesho njoo. Vumilia. Kisha usiandike mara kwa mara, barua zinasomwa njiani, utatuponza sote.

Fridolin


Kisawasawa, 11 Aprili 1994

Kwa Fridolin, popote ulipo.

Shikamoo sikupi. Hali yako najua ni njema, Nazari ameniambia. Amekukuta Malinyi, una duka na mashine ya kukoboa mpunga. Barua hii atakutupia mezani.

Nilikwenda Ifakara. Karani alinifungulia daftari, dole la Klementina lipo pale, tarehe 19 Novemba. Yaani ile ya Desemba uliiandika fedha zikiwa chini ya kitanda chako! Nikapanda kivuko mpaka Lupiro, nikakuta nyumba yako wanakaa watu wengine. Nilikaa mlangoni kwao kama mwombaji, wakanipa maji.

Kukushtaki siwezi, na unajua. Nikisema ukweli, Gasper hakuwa mfanyakazi, kwa hiyo hakuna fidia ya mtu, na dole langu la ushahidi ndilo litakalonifunga. Ulipiga hesabu vizuri. Mimi nilikuonea huruma kwa sababu nilikukataza matanga, kumbe nilikuwa nakupa mali. Nakuchukia, Fridolin. Sijawahi kumwandikia mtu neno hilo.

Msalaba sikubadilisha, sina cha kumlipa fundi. Basi nimeufuata ulivyoandikwa. Nimepeleka kuku wawili parokiani, nikaomba misa ya marehemu kwa jina lililo pale. Jumapili iliyopita padri akakusoma madhabahuni: tumwombee marehemu Fridolin, aliyekufa ajalini akienda kazini. Watu wote wanajua nimemzika nani, wakageuka kunitazama. Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Agnella alinivuta kanga. Akauliza, "Mama, baba mkubwa si yupo?"

Nikamwambia hayupo.

Mjane wa Gasper,
Kandida