Vichupa Viwili vya Ziada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kizunguzungu kimepungua tangu uanze vile vidonge vya kuongeza damu. Shemeji hajambo? Na wale watoto wako wa chekechea, najua hawakupi hata nafasi ya kukaa. Mimi nipo. Nakula, nalala.

Siku hizi nashinda nyumbani. Jana nilipanga kabati, leo nimelipanga tena. Sababu nitakueleza, niache nianze mwanzo.

Unakumbuka siku uliyokuja maabara kwetu kupima wingi wa damu. Ulinipa mkono wa kulia, maana wa kushoto hauguswi tangu operesheni ya titi, ukaniita Sindano kama kawaida yako, ukanitania kwamba nimeshanyonya damu ya ukoo mzima. Nikakuuliza mbona mwaka umepita hujakanyaga kliniki kuangaliwa kama saratani imerudi. Ukasema umechoka kuishi miezi mitatu mitatu. Kila ukiambiwa uko salama, unaanza kuhesabu upya. Ikirudi itajitambulisha yenyewe, ukasema, wewe hutaki kujua. Nikakujibu sawa.

Kipimo chako kilihitaji kichupa kimoja. Nilijaza vitatu. Ulikuwa umegeukia dirishani, kama kawaida yako ukiona sindano. Vile viwili nilivipeleka kwenye kipimo kipya kinachotafuta chembe za saratani ndani ya damu kabla uvimbe haujaonekana kwenye picha. Fomu inataka ridhaa ya mgonjwa. Niliandika jina lako, nikasaini mwenyewe.

Majibu yalikuja Alhamisi. Chembe zimeonekana, kidogo sana. Nilisoma mara mbili, nikakunja karatasi, nikaita namba iliyofuata. Niliwatoa damu watu kumi na mmoja, sikukosea mshipa hata mmoja. Mpaka leo sijalia, dada. Najishangaa.

Kesho yake nilimweleza daktari wako kila kitu. Akasema nimekukosea sana, na kwamba hata hivyo anataka kukuona haraka. Huenda picha zisionyeshe kitu bado. Hakuniahidi lolote. Mchana huohuo mkuu wa maabara alichukua kitambulisho changu cha kazi, nikampa bila kubisha.

Wote niliwaambia nilifanya kwa ajili yako. Wewe siwezi kukudanganya. Nilifanya kwa ajili yangu. Nilitaka karatasi iliyoandikwa hakuna kitu, niifungie kwenye droo, nipate usingizi, na wewe usijue kamwe. Jibu jingine sikuliwaza hata kidogo. Sasa nimekubebesha jambo ulilosema hutaki kulijua, kwa sababu kulibeba peke yangu kumenishinda.

Daktari atakungoja Jumanne saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa getini pa kliniki tangu saa mbili. Kama hutaki kusema nami, nipite tu. Nikikuona umeingia, nitarudi nyumbani.

Nisalimie shemeji, na uwapapase wale watoto wa chekechea vichwani kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano