Ndizi ya Mama Nyaboke

Mama,

Nimechoka. Nimerudi kutoka chuo cha ualimu tangu Jumapili, na kila jioni nakaa kitandani kwako nikitaka kukuandikia, nashindwa. Chai uliyopanda mwaka wa Uhuru imepita kiuno, haina mchumaji tangu tukuzike. Baba hali chakula mpaka abembelezwe.

Chuoni mwalimu wa sayansi alitufundisha habari za virusi. Surua ni kazi yao, alisema. Huingia kwa pumzi, si kwa chakula. Kirusi huwezi kusema kiko hai, wala kimekufa. Hakina seli yake, na peke yake hakizai. Ni lazima kiingie katika seli ya mtu, kama mgeni anayepika kwa chungu na kuni za mwenyeji hadi nyumba iishe. Nikamuuliza virusi vya kwanza vilitoka wapi. Akasema wengine hudhani ni vipande vilivyotoroka kwenye seli zenyewe, wengine husema vilikuwepo kabla ya seli, na hakuna ajuaye. Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza, maana kile kilichomuua mdogo wangu Mogaka nilijua kilitoka wapi.

Mama, ni mimi. Wiki mbili kabla mdogo wangu hajaugua nilimbeba mgongoni hadi Magwagwa kumwona rafiki yangu Bosibori, na Bosibori alikuwa na surua. Ulikuwa umenikataza. Mimi nilishaiugua zamani, nikaona unanionea tu. Mogaka alipokufa, ukasema ni ile ndizi aliyopewa na mke mwenzako. "Mama Nyaboke amemroga mwanangu." Nikanyamaza. Miaka tisa hamkusalimiana, hata kanisani, na umekwenda hivyo hivyo.

Jana nilivuka ua nikamwambia Mama Nyaboke yote. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. "Nilikuona ukipita naye siku ile," akasema. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea miaka yote hiyo. "Ulikuwa mtoto. Mama yako alikuwa amepoteza mmoja. Ningesema, angepoteza wawili."

Nilichukua kisu kingine nikamsaidia, na machozi yalinitoka tu, hata nguvu ya kuyafuta sikuwa nayo.

Nisamehe, Mama. Sabato hii, watu wakitoka kanisani, nitasema mbele ya wote kwamba hana kosa. Na kuanzia leo nitamwita Mama, bila kuongeza jina. Usikasirike. Pumzika salama.

Binti yako,
Kerubo