Kitanda Karibu na Dirisha

Kitengela,
Jumanne, 18 Machi 2025.

Dada yangu Wahu,

Mwaka huu ni wa thelathini na tatu tangu majirani watufukuze Elburgon, wewe na mama nyuma ya lori la viazi, mimi kwa miguu na sanduku langu la vitabu. Wewe ulirudi. Mimi bado niko hapa.

Nakusalimu sana, pamoja na mwanao Githinji, mkewe na watoto. Magoti yako yanavumiliaje baridi ya huko? Mimi siumwi. Nimechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mvua imechelewa huku na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Munyiva, yule mama wa mboga langoni, anasema mwaka huu tutakunywa chai ya udongo.

Nisamehe kwa kimya changu. Simu iliharibika nami sikuharakisha kuitengeneza. Sikujua kwamba ungeingiwa na hofu hadi uende kwa afisa wa ustawi wa jamii huko kwenu, naye ampigie mwenzake wa Kajiado, ili mtu atumwe kunitazama kama niko hai. Aliyetumwa anaitwa Makena. Ndiye aliyeniletea ujumbe wako, na ni juu yake ninataka kukuandikia, kwa sababu wewe ulimtuma bila kumjua.

Siku aliyokuja mara ya kwanza alikosea mlango. Unajua ploti yetu ya vyumba vya kupanga ina wazee wawili, na watoto wote wanatuita Guka, yaani babu, mimi na Kiema. Kiema ni jirani yangu, Mkamba wa Mwingi aliyevunja mawe kwenye machimbo maisha yake yote, hadi kiharusi kilipomlaza na kumnyang'anya maneno. Chumba chake na changu vinatenganishwa na mabati tu. Mimi ndiye ninayempikia uji na kumgeuza kitandani, na Munyiva haachi kututania. Kila asubuhi ananiuliza mke mwenzangu ameamkaje. Basi Makena alipouliza Guka yuko wapi, watoto walimwonyesha mlango uliokuwa wazi, wa Kiema. Akaingia, akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, akampa ujumbe wako wote kwa Kikuyu chake chenye lafudhi ya Kimeru. Kiema hawezi kujibu, lakini Kikamba na Kikuyu si mbali, na alielewa ya kutosha. Alilia.

Nilipoingia na Makena akagundua kosa lake, aliziba mdomo kwa mkono. Nilidhani ataomba radhi haraka na kuhamia kwangu. Hakuhama. Alimgeukia Kiema, akamweleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba amemletea habari ya mtu mwingine, kwamba kosa ni lake, na kwamba kwa kuwa amekwisha kuingia mlango huo hatatoka bila kuwatafuta watu wake pia. Kisha akaniuliza, mimi, kama chai ipo.

Tangu siku hiyo amekuwa akija. Nimesoma vitabu vingi juu ya huruma, Wahu, lakini sijawahi kuona ikifanywa kama kazi ya kila siku, na viatu vilivyoisha upande mmoja. Alinifundisha kumgeuza Kiema kwa leso iliyokunjwa chini ya kiuno, nisije nikavunjika mgongo nasi tukawa wagonjwa wawili. Hatoi ahadi. Anasikiliza bila kushika kalamu, na nikimuuliza juu ya kazi nyingine anataja kwa ufupi tu: mtoto aliyeachwa hospitalini, msichana wa Nkoroi aliyerudishwa shule, mwanamume wa Kiserian aliyetoka jela na mkewe hajui kama afungue mlango. Watu wanamlaumu kwa yale asiyoyaweza, na aliyoyaweza yakishakuwa, hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na mtu katikati.

Alitafuta watu wa Kiema kupitia mwenzake wa Mwingi, bwana mmoja Maweu. Wakampata mpwa. Mpwa alisikiliza vizuri, akashukuru, akasema wamesikia. Unajua maana ya kuambiwa wamesikia. Hawakupiga tena.

Kwa hiyo likabaki swali lako, kama nitarudi kuishi kwako. Makena alinieleza wazi: nikienda kwako, Kiema atapata nafasi katika nyumba ya wazee ya watawa, mbali na hapa, na atatunzwa. Lakini huko hakuna atakayejua kwamba akigonga chuma cha kitanda kwa pete yake anataka mlango ufunguliwe awaone wapita njia. Nilimwomba aniamulie. Akakataa. Akasema, Guka, hiyo sitakuamulia. Kazi yangu ni kuona kwamba unaamua ukiwa umekula na umelala.

Leo ilikuwa siku ya watu wa kazi yake, ustawi wa jamii, duniani kote. Walikusanyika Kajiado mjini, wakahutubiwa na kukatiwa keki. Alasiri akaja kwetu amevaa fulana yao mpya, na kipande cha keki ndani ya karatasi. Kiema alikula krimu yote. Nilimpa Makena chai, nikageuka kuchukua sukari, na nilipomtazama tena alikuwa amelala ameketi, kikombe mkononi. Nikakitoa polepole. Munyiva alichungulia mlangoni akitaka kuanza mzaha wake, akaona, akaenda kuwafukuza watoto waliokuwa wakicheza mpira ukutani. Kiema aliitazama pete yake, akauweka mkono chini ya blanketi ili asigonge. Tukakaa hivyo, wazee wawili, tukimlindia usingizi mtu ambaye serikali ilimtuma atulinde sisi. Sijui sherehe gani ingemfaa zaidi.

Sasa nikuambie jambo ambalo Makena mwenyewe halijui. Siku ile ya kosa nilikuwa nje ya mlango wa Kiema, na maziwa mkononi, tangu maneno ya kwanza. Nilisikia kwamba umetengeneza chumba kinachotazama miti ya plamu, kwamba kitanda umekiweka karibu na dirisha, kwamba majirani wa leo hawana neno na sisi, na kwamba ungependa nije wakati bado una nguvu za kunipikia. Ningekohoa tu, angejua. Sikukohoa. Nilimwona Kiema akilia kwa ajili ya kitanda ambacho hakikuwa chake, nikatafuta machozi kama hayo ndani yangu, wala sikuyapata. Nilipata upendo kwako, Wahu, na huzuni, lakini si hamu ya kuja. Nimelitaja neno nyumbani miaka hii yote kama mtu anavyotaja jina la marehemu, kwa heshima, bila kutazamia kuitikiwa. Na nilimwacha amalize kwa sababu huyo mzee hajawahi kutumiwa mtu wa kumwita.

Makena alipoamka leo aliona haya, akajifunga mtandio, akaniuliza kama nimeamua. Nikamwambia aandike kwamba Kiema ana ndugu, na ndugu huyo ni mimi. Hakunipongeza. Aliuliza tu mgongo wangu ukoje.

Mpe mke wa Githinji salamu, na mwambie plamu zikiiva nazitaka. Njoo wewe siku moja magoti yakikuruhusu. Munyiva atakutafutia kuku, na utaketi juu ya mtungi kama wageni wetu wote. Kile kitanda usikiache kitupu, mpe mmoja wa wajukuu alale akitazama miti. Mimi sitarudi.

Ni mimi kaka yako,
Muturi