Gunia la Mahindi Lililoingia Kwenye Tangi la Hamimu

UMOJA WA MAFUNDI NA WASAGAJI WA BUYENZI
Kumbukumbu za kikao cha dharura, Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, uani kwa mwenyekiti, Buyenzi, Bujumbura

WALIOHUDHURIA: Mzee Uthmani (mwenyekiti), Soumaya (katibu), Mama Dorothée (mwenye mashine ya kusaga na mtunza stoo), Hamimu (fundi magari), Anouar (muuza vipuri, mtaa wa Asiatique), pamoja na wanachama wengine wa kutosha.

WASIOHUDHURIA KWA TAARIFA: Waridi (yuko kwenye foleni ya esansi, yaani petroli, tangu jana), Cirimwami (anamuuguza mama yake).

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA KIKAO
Iliombwa dua, kisha sala ya Wakristo. Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waseme kwa zamu, na asiyeweza kujizuia akae karibu na mlango. Mama Dorothée alihamia karibu na mlango.

KUMB. NA. 2/10/2025: GUNIA LILILOTOKA STOO
Mama Dorothée alikumbusha kwamba mahindi ya stoo yalinunuliwa na umoja wakati wa mavuno ili yaliwe miezi hii ya njaa. Alikuta gunia moja limetoweka. Mwenye ufunguo wa pili ni Hamimu peke yake, kwa sababu ndiye aliyefunga kufuli jipya.

Hamimu hakukana. Alisimama, akasema: "Mi ndiye nilichukua, mama. Sikukula, sikuuzisha. Nilitengeneza nayo esansi."

Alieleza kwamba tangu esansi ipotee mjini, magari yanaletwa garaji yakisukumwa na yanaondoka yakisukumwa. Basi alichipuza sehemu ya mahindi, akapika mengine uji, akavichanganya na hamira mpaka vikachacha. Kisha alichemsha kwenye pipa, akakusanya mvuke kwa bomba la shaba, akarudia tena na tena, mwishowe akatia chokaa inyonye maji. Kilichotoka alikichanganya na esansi kidogo aliyokuwa nayo, akatia kwenye gari lake.

Mwenyekiti aliuliza kama hiyo si kanyanga, ile pombe kali ya magendo. Hamimu alijibu kwamba ni kanyanga iliyosoma. Mwenyekiti hakucheka. Alisema yeye ni mtu wa msikitini na pipa hilo limechemkia ukuta mmoja na nyumba yake, kwa hiyo kabla ya kikao alikuwa amekwenda kumuuliza shehe. Shehe alimwambia kwamba kinywaji ni haramu, ila gari halina sala ya kukosa. Achunge tu watu wasionje.

KUMB. NA. 3/10/2025: SAFARI YA KAMENGE
Mwenyekiti alimtaka Hamimu aseme gari lilikwenda wapi. Aliyejibu ni Mama Dorothée mwenyewe.

Alieleza kwamba siku ile binti yake Joëlla alishikwa na uchungu wa kuzaa. Taksi zote zilikuwa zimelala kwenye foleni. Alikuwa ameanza kutafuta watu wa kumbeba kwa machela Hamimu alipotokea na Corolla yake kuukuu.

"Mu gari munanuka pombe," alisema Mama Dorothée. "Nikajua huyu mutoto amelewa. Nilimutukana toka hapa mpaka hospitali ya Kamenge, na yeye anaendesha tu."

Mjukuu alizaliwa salama, wa kiume. Kwamba harufu ile ilikuwa ya mahindi ya stoo, Mama Dorothée alikuja kujua baadaye. Wajumbe walicheka na wengine walipiga makofi. Mama Dorothée aliwakataza. Alisema anamshukuru Hamimu kwa ajili ya Joëlla na atamshukuru mpaka kaburini, lakini shukrani haimfanyi mwizi kuwa mtunza stoo.

KUMB. NA. 4/10/2025: PENDEKEZO LA ANOUAR
Anouar alipendekeza mahindi yote yaliyobaki yafanywe esansi na kuuzwa kwa wenye taksi na pikipiki. Alisema mahindi yanaota kila mwaka, wala hayasubiri meli bandarini wala dola benki. Mafundi watapata kazi, na nguruwe na kuku watalishwa makapi.

Mama Dorothée aliomba Hamimu aulizwe, gunia zima lilitoa nini. Hamimu alisema lilitoa bidoni moja, dumu moja tu. Aliulizwa makaa ya kuchemshia. Alikiri kwamba yalikuwa mengi, na kwamba mipira ya kupitishia esansi ya Corolla imeanza kulainika.

"Gunia moja, nyumba moja inakula bugali mwezi na zaidi," alisema Mama Dorothée. "Mi nilitoka Uvira na watoto mugongoni. Njiani tulitafuna mahindi mabichi, tukashukuru Mungu. Leo garaji moja inachemsha, kesho garaji zote. Wenye gari watanunua mahindi yote kwa soko. Ule mama anapimiwa unga na kikopo, yeye atapimiwa nini?"

Anouar alisema Mama Dorothée anatetea mashine yake ya kusaga. Mama Dorothée alisema Anouar hajawahi kulala njaa, anaonekana tumboni. Mwenyekiti aliwaagiza wote wawili wafute maneno hayo. Yalifutwa.

Hamimu aliomba kusema. Alisema hakuwa akifikiria biashara. Miezi mizima hakuwa amesikia injini ikiwaka garaji kwake, na siku ilipowaka kwa mahindi alilia kama mjinga. "Lakini mama anasema kweli. Nilipaswa kukuuliza. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," alisema Mama Dorothée.

KUMB. NA. 5/10/2025: BIDONI ILIYOBAKI
Esansi iliyosalia, nusu bidoni, ilikuwa imefungiwa stoo na Mama Dorothée ikisubiri uamuzi. Anouar alitaka iuzwe. Wengine walitaka imwagwe. Kabla ya kura, Cirimwami aliingia mbio bila viatu. Alisema mama yake hapumui vizuri na hakuna gari.

Hamimu alisimama, lakini hakwenda popote. Alimtazama Mama Dorothée. Mama Dorothée alitoa ufunguo kifuani, akafungua stoo, akaitoa bidoni mwenyewe.

"Hii imekwisha kupikwa, haiwezi kurudi unga," alisema. "Beba. Na mi nakwenda nawe, nione unaendeshaje."

Kikao kilisimama. Hakuna mjumbe aliyeondoka. Hamimu na Mama Dorothée waliporejea kwa miguu, jua lilikuwa limepita utosini. Mama yake Cirimwami alikuwa amewekewa oksijeni na alikuwa ameanza kuulizia chakula chake.

KUMB. NA. 6/10/2025: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba mahindi yanayolika hayataingia pipani. Yatakayochemshwa ni yale yaliyobunguliwa au kuota kuvu, ambayo hata Mama Dorothée hasagi. Esansi yake haitauzwa. Ni ya wagonjwa na wanaokwenda kujifungua, wa umoja na wa jirani. Hamimu atafidia gunia kwa kuitengeneza bure mashine ya kusaga mpaka msimu wa njaa uishe. Hamimu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Anouar alipinga, na aliomba kupinga kwake kuandikwe. Kumeandikwa. Baadaye alisema mipira mipya ya Corolla ataitoa dukani kwake, na hilo nalo liandikwe.

KUMB. NA. 7/10/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa tisa alasiri. Corolla ilikuwa imebaki barabarani, tangi tupu, kwa kuwa mipira ilivuja njiani. Wajumbe wote walikwenda kuisukuma, Mama Dorothée akiwa ndani, ameshika usukani, akimfokea Hamimu asukume kwa nguvu.

Uthmani, Mwenyekiti (sahihi) ................
Soumaya, Katibu (sahihi) ................