Samaki Bila Pilipili

Mjukuu wangu Zawadi,

Huku Ujiji tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kama vidonda vya tumbo, hivi unavyougua nawe, viliwahi kunitia aibu mbele za watu.

Vilinitia. Nilipoolewa nilikuwa nikiacha migebuka, wale samaki wa ziwa letu, ya pilipili sahanini, mawifi wakasema naringa. Siku moja mama mkwe akaniuliza jikoni, “Mwanangu, chakula changu kina nini?” Nikalia, nikamwambia tumbo linaniwaka kila nikila.

Kesho yake alipika samaki bila pilipili, akawaambia wote, “Leo tunakula hiki na mkwe wetu.” Tukala sahani moja.

Namshukuru mpaka leo. Tumbo bado linanisumbua, lakini tangu siku ile sikuliugua peke yangu. Nawe waambie wenzako hapo chuoni kwamba unaumwa, mama.

Akupendaye,
Bibi